Abu Hurayra (R.A.): Baba wa Paka Aliyewaacha Paa Wale kwa Amani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Yupo Sahaba ambaye jina lake unalisikia karibu kila Ijumaa, khatibu akishapanda mimbari tu. Naye ni Abu Hurayra, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Umelisikia madrasa, umelisikia redioni ukingojea adhana ya magharibi, na pengine umelizoea mpaka hujawahi kujiuliza maana yake. Maana yake ni baba wa paka mdogo. Yaani mtu aliyetupokelea hadithi nyingi kuliko Sahaba yeyote anajulikana dunia nzima kwa jina la paka wake!

Sasa wewe unayeishi hapa Ngoingwa, au Makongeni, au kule Ruiru, hebu tazama nje ya dirisha lako. Mashamba mengi ya kahawa yaliyoizunguka Thika yamekatwa ploti. Nyumba zimeota. Panya nao wamehamia pamoja nasi, na kwa ajili ya panya karibu kila geti lina paka, na mengine yana watatu. Miti iliyobaki ni miparachichi na maua ya uani, na humo ndimo walimobanana shomoro, tetere, shore, mnana na chozi wanaonyonya maua. Basi hutokea asubuhi paka wa nyumbani akaingia jikoni na ndege mdomoni, bado anapumua, bawa limening'inia. Watoto wanapiga kelele. Mmoja anasema ndivyo Mungu alivyomuumba paka. Mwingine anataka paka atiwe kwenye gunia akatupwe mbali.

Nani kati yao amesema sawa? Twende kwa baba wa paka mwenyewe, tuyapitie maisha yake, kisha turudi uani kwetu tukiwa na jibu.

MCHUNGAJI NA KIPAKA CHAKE

Abu Hurayra alizaliwa katika kabila la Daws, kusini mwa Bara Arabu upande wa Yemen. Kabla ya Uislamu wengi wamepokea kwamba akiitwa Abdu Shams, yaani mja wa jua. Baada ya kusilimu jina hilo likaondolewa, na lililo mashuhuri zaidi kwake ni Abdur-Rahman bin Sakhr. Alikua yatima, hana baba wa kumshika mkono. Kazi yake ilikuwa kuchunga mbuzi na kondoo wa kwao.

Huko machungani ndiko alikopatia jina. Imam Tirmidhi amepokea kwamba kijana huyu alikuwa na paka mdogo. Usiku alimweka juu ya mti, na kukicha alimchukua akaenda naye malishoni, akawa anacheza naye mchana kutwa. Watu wakamwita Abu Hurayra, na jina likamganda mpaka kaburini. Mtume (S.A.W.) naye mara nyingine akimwita Abu Hirr, kwa upole na mapenzi.

Zingatia jambo moja hapo, ndugu yangu, kwa sababu tutalirudia. Kijana huyu hakuwa mtu wa kuwa na paka kwa jina tu. Usiku alijua paka wake yuko wapi. Mchana alijua paka wake yuko wapi. Kwa Waarabu kuitwa baba wa kitu ni kufungamana nacho, na baba hasemi hajui mtoto wake analala wapi wala anafanya nini.

Zipo hadithi nyingine za paka zinazozunguka kwenye simu zetu, za paka kumuokoa Mtume (S.A.W.) na nyoka na kadhalika. Nyingi hazina mapokezi yanayotegemewa, na hatuzihitaji. Habari iliyothibiti inatosha.

SAFARI YA KWENDA MADINA

Uislamu uliwafikia Daws kwa mkono wa mtu wao mtukufu, At-Tufayl bin Amr, aliyekutana na Mtume (S.A.W.) Makka na kusilimu. Aliporudi kwao watu walimkatalia, akakasirika mpaka akaenda kumtaka Mtume awaapize. Mtume (S.A.W.) akanyanyua mikono, na badala ya kuwaapiza akawaombea uongofu. Dua ile ilileta matunda. Mwaka wa 7 Hijria (628 Miladia), wakati Waislamu wako Khaybar, Tufayl alikuja na familia 70 au 80 za Daws, na Abu Hurayra alikuwamo katika wageni hao.

Njiani alipotezana na mtumwa wake usiku. Akiwa ameketi mbele ya Mtume (S.A.W.) mara mtumwa akatokea. Abu Hurayra, ambaye hakuwa na mali nyingine ya maana, akamwacha huru papo hapo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Fikiria: mtu ameingia mji mgeni, hana nyumba, hana biashara, na jambo la kwanza analofanya ni kumfungua kiumbe aliyekuwa chini ya mkono wake.

NJAA YA SUFFA

Madina alikaa Suffa, kipenu cha Msikiti wa Mtume walipolala mafukara wasio na jamaa. Sisi Ramadhan tunashinda na njaa tukijua sambusa zinakaangwa. Abu Hurayra alishinda na njaa asijue itakwisha lini. Alifunga jiwe tumboni. Kuna siku alianguka kati ya mimbari na chumba cha Bibi Aisha (R.A.), mpita njia akamwekea mguu shingoni akidhani amepagawa, kumbe ni njaa tu.

Siku moja alikaa njiani akawauliza Masahaba wakubwa juu ya aya ya Qur'an. Aya aliijua. Alichotaka ni mtu amkaribishe nyumbani apate tonge. Abu Bakr akajibu akapita, Umar akajibu akapita. Akaja Mtume (S.A.W.), akamtazama usoni tu akajua, akatabasamu, akamchukua. Nyumbani palikuwa na bakuli moja la maziwa. Abu Hurayra akaona leo amepata. Lakini Mtume akamtuma akawaite watu wote wa Suffa! Akawaita kwa unyonge, akawanywesha mmoja mmoja, huku moyo ukimwambia hakitabaki kitu. Wote wakashiba. Kisha Mtume akamtaka anywe, anywe tena, anywe tena, mpaka akaapa kwamba hakuna tena nafasi tumboni. Mtume (S.A.W.) akanywa wa mwisho.

Mtu aliyefunzwa hivyo hasahau kwamba kuna mwingine mwenye haja kabla yake.

MLINZI WA ZAKA YA RAMADHAN

Hii ni habari ya mwezi wetu huu, imo katika Bukhari. Mtume (S.A.W.) alimpa Abu Hurayra kazi ya kulinda chakula cha zaka ya Ramadhan. Usiku akaja mtu akaanza kuchota. Akamkamata. Yule akalia shida, ana familia, ana dhiki kubwa. Abu Hurayra akamhurumia akamwachilia. Asubuhi Mtume akamfahamisha kwamba mtu huyo amemdanganya na atarudi. Akarudi usiku wa pili, ikawa vile vile. Usiku wa tatu alipokabwa akaomba aachwe kwa kumfundisha kinga ya usiku, nayo ni kusoma Ayatul Kursiy anapopanda kitandani. Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba maneno ni kweli ingawa msemaji ni muongo mkubwa, na kwamba aliyekuwa akimkamata ni shetani.

Tunalojifunza hapa ni kwamba huruma ni nzuri, lakini haimuondolei mlinzi wajibu wa kulinda. Aliyekabidhiwa kitu ataulizwa juu yake.

MAMA YAKE

Jambo lililomuumiza zaidi ni mama yake, Umayma. Alikaa muda bila kusilimu, na siku moja akamtukana Mtume (S.A.W.) mbele ya mwanawe. Abu Hurayra hakumjibu mama kwa ukali. Alikwenda kwa Mtume akilia, akamuomba amuombee. Aliporudi akakuta mlango umerudishwa na maji yanasikika yakimiminwa. Mama alikuwa anaoga. Akavaa, akafungua mlango, akatamka shahada. Mwana akarudi mbio kwa Mtume akilia tena, safari hii kwa furaha. Vijana wenzangu, mwenye mama hai na amtazame leo kabla ya futari.

KUMBUKUMBU NA UONGOZI

Abu Hurayra alikaa na Mtume (S.A.W.) muda usiofika miaka minne. Ilikuwaje basi akapokea mengi hivyo? Kwanza, wenzake walikuwa na masoko na mashamba, yeye alikuwa na tumbo tupu na masikio wazi. Pili, alimlalamikia Mtume kwamba anasahau. Akaamriwa atandaze nguo yake, Mtume akaashiria kama anayechota kitu kwa mikono na kukitia humo, kisha akamwambia aikusanye kwake. Tangu siku hiyo hakusahau. Hadithi zilizohesabiwa kwa njia yake ni 5,374, kwa kuhesabu na zile zilizokuja kwa njia zaidi ya moja, na wanafunzi waliopokea kwake wanatajwa kufika 800.

Wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (13 hadi 23 Hijria) alifanywa gavana wa Bahrain, jina lililokuwa la pwani yote ya mashariki ya Bara Arabu. Aliporudi na fedha Umar akamhoji kwa ukali. Akaeleza kwamba ni farasi wake waliozaana na posho zake zilizokusanyika. Ikachunguzwa ikaonekana ni kweli. Umar akamtaka arudi kazini, akakataa katakata. Baadaye alipokuwa akimkaimia Marwan utawala wa Madina, alionekana akipita sokoni na mzigo wa kuni mgongoni, akiwaomba watu wampishe amiri. Usiku wa nyumbani kwake uligawanywa mafungu matatu. Yeye, mkewe na mtumishi wake walisali kwa zamu, mmoja akimuamsha mwingine, nyumba isipitwe na saa ya usiku bila ibada.

PAKA, NDEGE NA PAA

Sasa turudi kwenye lile swali letu. Angalia hadithi gani za wanyama zimetufikia kupitia mchungaji huyu.

Yeye ni miongoni mwa waliotupokelea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, asimlishe, wala asimwachie akajitafutie wadudu wa ardhini. Yeye ndiye aliyetupokelea habari ya aliyesamehewa kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu na kumtekea maji kwa kiatu. Ni yeye pia aliyepokea kwamba Nabii mmoja aling'atwa na sisimizi mmoja akateketeza kichuguu kizima, na Mola wake akamlaumu. Na amepokea kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, mpaka mbuzi asiye na pembe alipiziwe kwa yule mwenye pembe. Na katika Sahih Muslim amepokea kwamba wataingia Peponi watu ambao nyoyo zao ni mfano wa nyoyo za ndege. Wanavyuoni wameeleza kwamba ni kwa ulaini wake, au kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Lakini habari iliyo karibu zaidi na uani kwetu ni ya paa. Mtume (S.A.W.) aliifanya ardhi ya Madina iliyo kati ya nyanda zake mbili za mawe meusi kuwa takatifu, mnyama wake asiwindwe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Abu Hurayra akisema lau angewaona paa wanalisha Madina, asingewashtua. Hakusema tu kwamba asingewaua. Asingewashtua hata kwa kuwafukuza!

Umeona? Mtu yule yule aliyebeba paka mdogo malishoni ndiye aliyemwacha mnyama wa porini ale kwa amani. Upande mmoja yupo mnyama aliyemfuga, na huyo alimlisha, akamlaza, akacheza naye. Upande wa pili yupo mnyama asiyemfuga, na huyo alimwachia nafasi yake. Kumpenda wa kwanza hakukumfanya amdharau wa pili. Sisi wengi tumechukua nusu ya kwanza ya maisha yake tukaiacha nusu ya pili.

Ngoingwa si Haram ya Madina, hilo linajulikana. Lakini adabu haina mpaka wa mji.

NANI ATALIPA?

Wapo watakaosema paka hana dhambi, ni silika yake. Kweli kabisa, paka haandikiwi dhambi. Lakini paka ana mwenyewe. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), ameandika katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa na walimu wetu wa madhehebu ya Shafii hapa Afrika Mashariki, kwamba paka anayejulikana kuwa na tabia ya kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenyewe analipa, iwe usiku au mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Hilo ni kuhusu ndege wa jirani. Paka wako akimla njiwa wa jirani baada ya kwisha kujulikana ni mwizi, fungua pochi.

Na shomoro je? Shomoro hana jirani wa kuja kugonga geti lako. Hana risiti, hana mzee wa mtaa. Anayemdai kwa niaba yake ni Yule aliyemuumba, na yule mbuzi asiye na pembe anatosha kutukumbusha kwamba hesabu hiyo haipotei.

Na si jambo dogo. Kule Marekani watafiti walikadiria mwaka 2013 kwamba paka wanaozurura nje wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Yaani yule paka aliyetiwa kwenye gunia akatupwe mbali hajaacha kuwinda. Anawinda zaidi, kwa sababu ana njaa, na anazaa huko huko. Kwa hiyo aliyetaka kumtupa hakutatua kitu, na amejikaribisha kwenye habari ya yule mwanamke. Kumtilia paka sumu ni baya zaidi.

Mwingine atauliza: si hadithi inasema paka aachwe ajitafutie? Hadithi inamlaumu aliyefungia bila kulisha. Anayemlisha paka vizuri na kumweka ndani kwa saa fulani hakumdhulumu. Tumefundishwa pia, kwa mapokezi ya Abu Qatada (R.A.), kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka nyumbani. Basi mahali pake ni ndani pamoja nasi.

TUFANYE NINI NA PAKA WETU

Ramadhan imeturahisishia kazi. Paka huwinda sana alfajiri na jioni, na alfajiri ndipo ndege wanaposhuka chini kutafuta riziki. Saa hizo hizo sisi tuko macho! Basi unapoamka kula daku, mpe paka naye daku yake, kisha mlango ufungwe mpaka jua lipande vizuri. Jioni, kabla hujakaa kungojea adhana, muite aingie ndani. Fanya hivyo siku 30 na itakuwa mazoea yenu nyote wawili. Zidisha uangalifu miezi ya mvua, kwa sababu ndipo ndege wengi wanapotaga na makinda wanapoanguka.

Mlishe vizuri. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitangaza matokeo yao juu ya paka wa majumbani wanaowinda. Paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36. Waliochezewa dakika 5 hadi 10 kwa siku walipunguza kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni haikuonyesha tofauti ya maana. Ugali mtupu basi haumtoshi. Mtilie omena, mtilie matumbo. Na funga kitambaa kwenye kamba mtoto acheze naye kila jioni. Si ndivyo alivyofanya yule mchungaji wa Daws, kucheza na paka wake?

Usiwamwagie ndege punje chini mahali paka anapojificha. Na kuhusu kumhasi paka asizae ovyo, zungumza na daktari wa mifugo, na ukiwa na wasiwasi wa kisheria muulize ustadh wako.

UKIMKUTA NDEGE ALIYEJERUHIWA

Kwanza mfungie paka chumbani. Usimpige, hatajua kosa lake. Kisha tafuta boksi la katoni, litoboe matundu ya hewa, tandika kitambaa ndani. Mfunike ndege kwa leso nyepesi, mnyanyue taratibu bila kumkaba kifua, maana ndege akibanwa kifua hawezi kupumua. Mweke ndani ya boksi, lifunge, uliweke mahali penye giza, kimya na joto kidogo. Watoto wasichungulie kila dakika. Hofu peke yake huua ndege.

Usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa wala mkate. Usimpe dawa za watu.

Halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama huoni damu. Hili wengi hawalijui. Mdomoni mwa paka mna bakteria, mmoja wao aitwa Pasteurella, na tundu dogo la jino lililofichwa na manyoya linatosha kumuua ndege ndani ya siku mbili hivi. Anahitaji antibayotiki mapema, na kipimo chake anakijua daktari. Ukikwama, wapigie simu KSPCA, chama cha kutunza wanyama kilichoko Nairobi, au ofisi ya KWS. Akiwa ni kipanga au bundi usimshike kabisa, kucha zake zinaumiza, waite wanaojua. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Ukikuta kinda mwenye manyoya anarukaruka chini na hana jeraha, huyo hajatupwa. Anajifunza kuruka, na wazazi wake wako juu ya mti wanakutazama kwa hofu. Mweke kwenye kichaka kilicho karibu, fungia paka, ondoka. Ambaye hajaota manyoya mrudishe kiotani ukikiona. Si kweli kwamba mama yake atamkataa kwa sababu umemgusa.

Akipona, mwachie huru. Usimtie kwenye tundu ati umemuokoa. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na kabla ya sheria hiyo kuna mfano wa yule aliyeingia Madina akamfungulia mtumwa wake papo hapo. Akifa baada ya kujitahidi, usihuzunike kupita kiasi. Mzike chini ya mti. Juhudi yako haikupotea kwa Mola wako.

MWISHO WA SAFARI

Abu Hurayra alifariki kati ya mwaka 57 na 59 Hijria (676 hadi 679 Miladia), umri wake ukiwa karibu miaka 78, akazikwa Baqii, Madina. Katika maradhi yake ya mwisho alilia. Hakuililia dunia. Alilia kwa urefu wa safari na uchache wa masurufu, asijue atashukia wapi. Huyo ni mtu aliyesali usiku, aliyefunga mara kwa mara, aliyehifadhi maneno ya Mtume wetu (S.A.W.), na bado aliona masurufu hayatoshi. Mimi na wewe tuseme nini?

Basi tusidharau kitu cha kuongeza kwenye mkoba wa safari. Bakuli la omena kwa paka wakati wa daku, mlango uliofungwa mpaka jua litoke, boksi la katoni lililotobolewa matundu. Vyote hivyo ni vidogo, havina gharama, na hakuna atakayekupigia makofi. Lakini kesho asubuhi, ukitoka kusali, shomoro wa Ngoingwa watashuka uani kutafuta riziki yao kama walivyoahidiwa na Mola wao. Waache wale.

Ewe Mola wetu, tujaalie nyoyo laini kama za ndege, na utupe amana za wale wasioweza kusema, kisha utuwezeshe kuzitimiza. Takabbal minna saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.